Video ilitaja uso, ami alikosa kikombe

Kikombe kilikuwa mbele yake, pale pale juu ya baraza, na muuza kahawa alikuwa bado hajaliweka dele lake chini. Ami akanyosha mkono akichukue. Mkono ukapita kando kwa upana wa vidole viwili, ukakigonga ubavuni, kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Watu wakacheka, naye akacheka. "Naona zikombe ziwili," akasema kwa Kiamu chake, yaani vikombe viwili. Wakacheka tena. Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, upande wa Langoni mjini Lamu, na mzee wa miaka 68 kumwaga kahawa si habari ya kumkosesha mtu usingizi.

Aliposimama ndipo alipoushika ukuta. Alikwenda kama mtu aliyeshuka chomboni sasa hivi, baada ya siku mbili za bahari chafu. Binamu yangu, mwepesi wa akili na wa simu, akaikumbuka video ya dalili za kiharusi iliyotumwa kwenye kundi letu la familia. "Ami, hebu tabasamu." Uso ukakaa sawa pande zote. "Nyanyua mikono yote miwili." Ikanyanyuka, ikatulia hewani. "Sema jina lako." Akalisema lake, la babake na la babu yake, kisha akauliza kama leo watu wanaandikishwa kura. Tukashusha pumzi. Si kiharusi, ni presha tu. Akapewa maji ya ndimu, akalala mapema.

Asubuhi hakuweza kukaa kitako. Anatapika, chumba kinamzunguka, jicho moja linacheza lenyewe. Siku mbili baadaye, picha ya ubongo ilipopatikana, tukaambiwa kilikuwa kiharusi, na kilianza na kile kikombe.

Simlaumu binamu yangu, alifanya kila alichofunzwa. Na ile video nimeitazama upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, wala sikuona uongo ndani yake hata neno moja. Daktari wa kweli, maneno ya kweli, sauti safi. Tumezoea kuuliza swali moja tu kuhusu video za afya: ni kweli au ni uzushi? Yetu ilikuwa kweli, na bado ilitulaza usingizi. Kwa hiyo nikaanza kujiuliza video nzuri ya kiharusi ni ipi hasa, na uzuri wake hupimwa kwa kipimo gani.

Tuanze na kile kipimo cha uso, mkono na usemi, kwa sababu karibu kila video utakayoiona imesimama juu yake. Kilitungwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1998, kwa ajili ya wahudumu wa magari ya wagonjwa. Kinaitwa FAST, neno la Kiingereza lenye maana ya haraka, na herufi zake nne zinasimamia uso, mkono, usemi na wakati. Mwaka 2009 serikali ya Uingereza ikakipeleka kwa umma kwa matangazo ya televisheni yaliyoonyesha moto ukienea kichwani mwa mtu, na tangu hapo kimezunguka dunia nzima. Kwa Kiswahili hakikubahatika. Uso, mkono, usemi, muda: ukiziunga herufi za mwanzo unapata UMUM, sauti ya mtoto anayekataa dawa.

Wahudumu wale walihitaji kitu cha kukumbuka mbio mbio, kitakachowakamata wagonjwa wengi kwa dalili chache, na kwa kazi hiyo kipimo ni kizuri sana. Lakini "wengi" si "wote". Mwaka 2017 watafiti wa Kentucky, Marekani, walipitia mafaili ya wagonjwa waliopatwa na kiharusi cha mshipa kuziba, wakakuta kwamba takriban 14 katika kila 100 hawakuwa na uso uliopinda, wala mkono uliolegea, wala usemi uliovurugika. Walipoongeza mambo mawili, mwendo na macho, waliosalia nje ya wavu wakashuka hadi kama 4. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya video huanza na herufi mbili zaidi, B na E, yaani kuyumba na kuona.

Sababu iko kwenye mabomba. Damu hupanda kichwani kwa mishipa mikubwa minne: miwili mbele ya shingo, miwili nyuma, ndani ya mifupa ya uti wa shingo. Ya mbele hulisha sehemu kubwa ya ubongo inayotawala uso, mkono na maneno. Ya nyuma hulisha ubongo mdogo ulioko kisogoni, shina la ubongo na sehemu ya kuonea. Ikiziba ya mbele, mdomo unapinda na mkono unaanguka, na video yako inafanya kazi barabara. Ikiziba ya nyuma, mtu anaweza kutabasamu kama bwana harusi huku akiona vitu viwili viwili, akiyumba, akitapika, na mkono wake wenye nguvu zote ukakosa shabaha. Mkono wa ami haukuwa na udhaifu. Ulikuwa umepoteza vipimo.

Neno linalobeba uzito kuliko dalili zote hizi ni "ghafla". Mzee anayeyumba kidogo kidogo tangu Mfunguo Mosi ana shida nyingine, ya kupelekwa kliniki kwa utaratibu. Mzee aliyekuwa akipiga soga na sasa hivi anashika ukuta ni wa kukimbizwa. Vivyo hivyo ganzi ya upande mmoja, kutoona kwa jicho moja, au kichwa kinachouma kama hakijawahi kuuma maishani: saa na dakika ya kuanza ndizo zinazotenganisha kiharusi na uchovu. Video nyingi hulitamka neno hilo mara moja, kwa kasi, katika sentensi yenye mambo mengine sita.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Ukitafuta "kiharusi" na ukakosea herufi mbili utaletewa maharusi, mapambo na taarabu, na hilo tuliache. Ukiipata, unakuta video iliyotazamwa mara laki kadhaa na nyingine iliyotazamwa mara 300. Mkono unakwenda kwenye laki. Ni tabia ya sokoni: penye watu wengi ndipo penye samaki wazuri. Lakini watafiti ambao wamekuwa wakizipa alama video za afya, kwa maradhi mbalimbali, wameona tena na tena kwamba idadi ya watazamaji na ubora wa maelezo haviendi pamoja, na mara nyingine vinapeana mgongo. Mtambo unaokuchagulia video hauna macho ya udaktari. Unahesabu ulikaa dakika ngapi, ulimtumia nani, uliandika nini chini yake. Hofu humkalisha mtu, na muujiza pia. Mwalimu anayesema "mwambie anyanyue mikono, hesabu mpaka kumi, ukiona mmoja unashuka ondoka naye" amemaliza kazi kwa sekunde ishirini, na mtambo haujafaidika kitu.

Basi hao wanaotoa alama hutumia nini? Mara nyingi utakutana na DISCERN, iliyotungwa Oxford na kuchapishwa mwaka 1999. Ina maswali 16, kila moja hupewa alama 1 hadi 5: je, malengo yako wazi, je, vyanzo vimetajwa, je, faida na hatari za kila tiba zimeelezwa? Utakutana pia na vigezo vinne vya jarida la madaktari wa Marekani la JAMA, vya mwaka 1997: nani kaandika, katoa wapi, nani analipa, na lini. Vyote viwili vilitungwa kwa ajili ya maandishi, zama ambazo video ya simuni haikuwepo. Ukimpa mtu DISCERN apime video ya dalili za kiharusi, mhadhara wa nusu saa juu ya tiba utapata alama nzuri, na ile ya sekunde ishirini itaanguka mtihani. Binamu yangu asingekaa nusu saa. Mimi mwenyewe nisingekaa.

Kipimo kinachonikaa moyoni ni kingine, PEMAT, kilichotolewa na idara moja ya serikali ya Marekani mwaka 2013. Kina toleo mahsusi la video, na kimegawanyika pande mbili: je, mtu wa kawaida ataelewa, na je, atajua afanye nini? Huo upande wa pili ndio unaokosekana kwenye nyingi ya video tunazotumiana. Watu hutoka wakijua kiharusi ni hatari, kwamba mtu mzima 1 kati ya 4 duniani atapatwa nacho katika umri wake, kwamba presha ndiyo mama yake. Hawatoki wakijua waweke mikono yao wapi dakika hii.

Hata hivyo, katika vigezo vile vinne vya kale, "lini" usiutupe. Angalia video ilipakiwa mwaka gani, kisha sikiliza inavyozungumza kuhusu muda. Dawa ya kuyeyusha donge la damu ilithibitishwa kwa jaribio kubwa la Marekani mwaka 1995, na mpaka wake wakati huo ulikuwa muda wa saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 jaribio la Ulaya lilisogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 likathibitishwa jambo jingine, kulivuta donge lenyewe kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, na mwaka 2018 majaribio mawili yakaonyesha kwamba wapo wagonjwa, waliochaguliwa kwa picha maalumu, wanaofaidika hata ndani ya saa 24. Kwa hiyo msemaji anayekuambia "zikipita saa tatu hakuna la kufanywa" huenda si mwongo. Huenda video yake imechakaa tu, na ikikufikia Kizingitini, kisiwani Pate, usiku itakufanya uamue kungoja asubuhi.

Upande wa video mbaya sitakaa sana, maana ubaya wake hauna fumbo. Ile ya kumchoma mgonjwa vidole na ndewe za masikio kwa sindano mpaka damu idondoke ni kongwe kuliko WhatsApp yenyewe: ilikuwa ikizunguka kwa barua pepe miaka ya mwanzo ya 2000, na kila baada ya muda hufufuka ikiwa na muziki mpya. Matone ya damu kidoleni hayapunguzi chochote kwenye mshipa ulioziba ndani ya fuvu. Yanachopunguza ni dakika. Kuumika, yaani hijama, nako ni hivyo hivyo. Mwenye kuiamini hijama aiamini, lakini si katika saa za mwanzo, na hasa si kwa mtu ambaye pengine anaelekea kupewa dawa ya kuyeyusha damu, dawa inayofanya kila chale itoke damu upya.

Hatari zaidi, nionavyo, ni ukweli ulioazimwa mahali pengine. Video za shambulio la moyo husema mpe mgonjwa aspirini atafune, na watu wameihamisha kwa kiharusi. Kiharusi ni viwili: mshipa umeziba, au mshipa umepasuka na damu inavuja. Kwa macho havitofautiani. Hata daktari mzoefu hawezi kuapa kabla ya skani ya CT, mashine ambayo Godfrey Hounsfield alimpigia nayo picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Aspirini kwa aliyeziba inaweza kufaa baada ya picha, kwa aliyepasuka ni kumwagia mafuta kwenye moto, na huku Afrika sehemu ya waliopasuka ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya. Presha nayo ina mtego wake. Utaona video ikikuhimiza uishushe mara moja kwa vidonge vya jirani, au kwa kitunguu saumu. Kumbe kwa mshipa ulioziba, madaktari wenyewe mara nyingi huiacha presha juu siku ya kwanza, hata mpaka 220 kwa 120 ikiwa hakuna dawa ya kuyeyusha inayotolewa, kwa sababu ule msukumo ndio unaopenyeza damu kidogo pembeni ya donge.

Na maji ya ndimu? Tulimpa ami kwa upendo, na tulibahatika. Kiharusi huweza kulegeza koo bila mtu kujua, na kinachokwenda tumboni kikaishia mapafuni. Hii inahusu maji, asali, tende, vidonge, na kombe pia, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa. Najua ninagusa nini. Lamu mtu akipatwa ghafla, nusu ya nyumba itasema presha, nusu itasema upepo mbaya au mkono wa jini, na wote wawili wanampenda mgonjwa. Sijaona haja ya kugombana. Anayesoma na asome, tena asome akiwa amekaa naye ndani ya boti, ila mdomoni kusiingie kitu mpaka hospitali wapime kumeza. Kuna jambo moja tu la sukari ambalo wahudumu hulipima kwanza: sukari ikishuka sana, kama inavyotokea kwa mwenye kisukari aliyefunga Ramadhani, mtu anaweza kuwa na sura yote ya kiharusi. Hilo linaamuliwa kwa tone la damu na mashine ndogo, si kwa kumtilia mtu sharubati.

Kuna suala la mwili na lugha ambalo video za nje haziwezi kulijua, na hapa ningependa watengenezaji wa Kiswahili wangelala nalo. Kipimo cha usemi kilitafsiriwa "mwambie aseme sentensi rahisi". Marekani, kipimo kimoja cha wahudumu wa magari ya wagonjwa humpa mgonjwa methali yao ya mbwa mzee asiyefundishika mbinu mpya. Sisi humwambia mzee: toa salamu, au soma Fatiha. Nayo inatoka yote, neno kwa neno. Tatizo ni kwamba maneno ambayo mtu ameyasema maelfu ya mara, salamu, dua, kuhesabu moja mpaka kumi, hata matusi, mara nyingi husalimika wakati sehemu ya ubongo inayounda maneno mapya imeshazama. Ulimi ukiwa mzito utausikia, ni kweli. Lakini aliyepoteza maneno bila kupoteza ulimi atakusomea Fatiha vizuri, kisha umuulize "Jana usiku mlikula nini?" akakutazama tu, au akasema "ile... ile ya mlango". Muulize kitu anachopaswa kukitunga mwenyewe. Na anayemtazama awe mtu anayemjua, kwa sababu mzee aliyetoa meno ya bandia au mwenye tambuu shavuni ana mdomo uliopinda kila siku, na ni mkewe tu anayejua umepinda upande gani.

Uso nao. Mwigizaji kwenye video anavuta shavu moja chini utadhani limetundikwa jiwe. Katika mwili wa kweli huwa ni kidogo: mkunjo wa kando ya pua umefutika, kona ya mdomo imechelewa. Kuna video zinazoonyesha ugonjwa mwingine kabisa, wa neva ya uso kulala, ambapo nusu nzima ya uso hukwama, paji likawa halikunjiki na jicho halifumbi. Katika kiharusi cha kawaida paji hubaki likikunjika. Si kazi yako kuzitenganisha nyumbani, nenda tu, lakini video inayokuonyesha picha isiyo yake imekufunza sura isiyo yake. Tena njiani hapa kwetu, mama aliyevaa buibui na ninja ana uso gani wa kutazamwa? Anayemwona ni bintiye, shogae, au muuzaji aliyeisikia sauti yake ikibadilika katikati ya kuulizia bei. Kwa wanawake wa mji huu, kipimo kingeanza na sauti na mwendo.

Na video karibu zote zinamsemesha mgonjwa: "Ukihisi mkono wako unalegea..." Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo huweza kumfanya mtu asijue kabisa kwamba ana tatizo. Mkono wa kushoto umelala pajani, naye anakuambia mkono uko sawa, na anakasirika ukibisha. Mwingine maneno yamemwisha, atampigia nani? Mwenye kufunzwa ni aliyekaa pembeni, mwenye dele la kahawa.

Nikaja kwenye herufi ya mwisho, muda. Daktari Mmarekani Jeffrey Saver alipiga hesabu mwaka 2006: mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika zinakufa chembe za ubongo milioni 1.9 hivi. Boti ya saa moja, basi, ni milioni 114. Video zinaitamka herufi hii kwa namba ya simu. Za Marekani zinasema 911. Hapa Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wana 1199. Piga, hakuna ubaya. Lakini vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, na vingine punda wawili wakikutana mmoja anarudi nyuma. Mgonjwa wa Mkomani anatolewa kwa mikono ya vijana, kitandani au mkokotenini. Wa Shela na Matondoni ana hesabu yake. Wa Faza au Siyu ana bahari, ana nahodha anayejua kwamba maji yakipwa mkondo wa Mkanda haupitiki kwa raha, na ana hospitali ya King Fahd mjini Lamu kabla hajafikiria Mokowe, njia ya Garsen, Malindi au Mombasa. Yote hayo yako ndani ya herufi moja, na video imeipa sekunde tatu.

Kwa hiyo video ya Kiamu ingeuliza mapema, watu wakiwa wazima: simu ya nahodha wa zamu iko kwa nani? Mafuta ya mashine yamewekwa wapi? Skani ya CT ya karibu ni ipi, na usiku ina mtu? Hospitali ipigiwe simu kabla boti haijang'oa nanga au baada? Majibu hubadilika mwaka kwa mwaka, ndiyo maana hayawezi kutoka Newcastle.

Jambo jingine la muda halimo kwenye video yoyote niliyoiona, na ni letu watupu. Swali la kwanza la daktari ni: mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima ilikuwa lini? Si lini mlimkuta, bali lini alionekana mzima. Aliyeamka nacho huhesabiwa tangu alipolala. Familia inajibu: "Saa nane alikuwa mzima kabisa." Ya mchana, yaani simu inaandika 14:00. Anayeandika, kwa haraka au kwa ugeni, anaweka 8:00. Kama sasa ni 16:00, mgonjwa wenu ana muda wa saa mbili tangu aanze na mlango wa dawa uko wazi. Kwenye karatasi ana saa nane, na umefungwa. Tofauti ya saa sita kati ya saa yetu na saa ya simu ni kubwa kuliko dirisha zima la dawa ya kuyeyusha donge. Andika tarakimu za simu kwenye karatasi, au mkononi mwa mgonjwa kwa kalamu, na ukisema kwa mdomo ongeza adhana: baada ya Adhuhuri, kabla ya Alasiri. Adhana haina saa sita za kukosea.

Na dalili zikija zikapotea? Hapo video nyingi hunyamaza na familia hushukuru Mungu na kulala. Kiharusi cha kupita, kinachodumu dakika kadhaa na kuondoka, huweza kutangulia kikubwa, na hatari ni kali zaidi katika saa 48 za kwanza. Aliyepona ghafla naye ni wa boti.

Mwezi uliopita tulijaribu kutengeneza yetu. Binamu yangu alishika simu, mimi nikaandika maneno kwenye karatasi, kijana wa jirani akawa mgonjwa. Tulipigia darini saa za jioni kwa sababu ya mwanga, na mara mbili tukarudia, kwanza kwa mlio wa punda, halafu kwa sababu mgonjwa alicheka. Sekunde hamsini. Uso, mikono, "jana mlikula nini?", mwendo hatua tano kwenye mstari wa saruji, macho yakifuata kidole. Kisha tarakimu za saa zikaandikwa mkononi, kisha namba ya nahodha, ambayo tuliiziba tulipoituma nje ya familia.

Ami alikuwa amekaa kitini na bakora yake, akatazama mpaka mwisho, akairudisha, akatazama tena. Jicho la kushoto bado anafumba akitaka kusoma. Akamrudishia binamu yangu simu.

"Na kikombe changu," akasema, "mbona hamkutia?"